Klabu ya maigizo ya Kiingereza baada ya masomo: watoto wanakariri bila kuelewa, nifanyeje?

Mwalimu wa Morogoro ameuliza:

Walimu wenzangu na wadau wote wa elimu, habari za kazi. Ninafundisha Kiingereza darasa la nne na la tano katika shule ya msingi ya serikali hapa Manispaa ya Morogoro, na mwaka huu nimekabidhiwa klabu ya maigizo ya Kiingereza inayokutana Jumanne na Alhamisi baada ya vipindi, kuanzia saa 8:30 mchana hadi kama saa 10 alasiri. Waliojiandikisha wanakaribia 40. Wanakuja kwa moyo, hata siku ambazo uji wa shule haukutosha, na ndiyo maana sitaki muda wao upotee.

Tatizo langu ni kwamba watoto wanakariri maneno vizuri sana lakini hawayatumii. Wiki iliyopita nilijaribu jambo dogo. Katika igizo la zahanati tunalolifanyia mazoezi, daktari humuuliza mgonjwa, “What is wrong with you?” na mgonjwa hujibu, “I have a headache and I am vomiting.” Nilimnong’oneza mtoto anayeigiza daktari abadilishe swali, aulize “How do you feel today?” Mgonjwa alinyamaza, akanitazama, akamtazama daktari, na daktari aliporudia swali la zamani mgonjwa akajibu lote bila kuvuta pumzi, huku ameshika tumbo badala ya kichwa.

Jambo la pili ni idadi. Igizo lina wahusika sita. Waliobaki hukaa chini ya mwembe wakitazama, na baada ya robo saa wengine wameshatoweka kuelekea uwanjani. Jambo la tatu, baadhi ya walimu wenzangu wanashauri nipige marufuku Kiswahili ndani ya klabu, kama zinavyofanya baadhi ya shule za mchepuo wa Kiingereza ambako mtoto akiteleza huvishwa kibao shingoni. Moyo wangu unasita, ila sina hoja ya kuwajibu. Zaidi ya hayo, wapo watoto wanaopaswa kuondoka saa 9:30 kwenda madrasa, na mwalimu mkuu anatarajia igizo la kuonyeshwa kwenye mahafali ya darasa la saba. Ninaomba ushauri wa mtu aliyewahi kuifanya kazi hii.

Mwanasanaa wa Bagamoyo amejibu:

Mwalimu, hongera kwa kazi na pole kwa majukumu. Nilisomea sanaa za maonyesho Bagamoyo, katika chuo ambacho tangu 2007 kinaitwa TaSUBa, na kwa miaka kadhaa sasa kazi yangu ni kuongoza vikundi vya watoto, vingine vikiwa vya kujifunzia lugha. Mtoto wako aliyeshika tumbo akiulizwa habari za kichwa alipewa maneno kabla ya kupewa tukio. Hakuna mgonjwa ndani yake, ila kuna sentensi mbili zinazongoja swali lake. Ukiendelea na andiko lile lile utapata sentensi zilizong’arishwa zaidi, na mgonjwa bado atakosekana.

Ningekushauri uliweke kando igizo la zahanati na uanze na hadithi ambayo watoto wameshaibeba vichwani kwa Kiswahili au kwa lugha za nyumbani. Mimi hupenda ile ya kisima: ukame umeingia, wanyama wote wanakubaliana kuchimba kisima, Sungura anakataa kufanya kazi, maji yanapopatikana yeye anazuiwa kunywa, naye anawalaghai walinzi mmoja baada ya mwingine kwa kibuyu cha asali hadi Kobe anapomnasa kwa ulimbo aliojipaka mgongoni. Uzuri wa hadithi hii kwa mwalimu wa lugha uko katika umbo lake. Fisi analinda, Sungura anakuja, wanaongea, Fisi analaghaiwa. Kisha Nyani analinda, na mazungumzo ni yale yale yakiwa na tofauti ndogo. Kisha Tembo. Watoto watatu au watano wanapita katika lugha ile ile bila mtu kuwaambia “rudieni”, kwa sababu hadithi yenyewe ndiyo inayodai marudio, na wanaotazama wanakuwa wameshaisikia mara kadhaa kabla zamu yao haijafika.

Siku ya kwanza isimulie kwa Kiswahili, kwa “Hadithi, hadithi” na “Hadithi njoo” yake, wala usione haya. Kisha wagawe watoto katika makundi ya sita au saba, kila kundi litengeneze picha mnato moja: ukame, uchimbaji wa kisima, Sungura amelala wenzake wakifanya kazi. Katika picha mnato miili inaganda na hakuna anayesema neno. Mwalimu anapita akigusa bega la mtoto mmoja mmoja, na anayeguswa anasema mnyama wake anawaza nini. Mara ya kwanza pokea lugha yoyote. Mmoja atasema “nina kiu”, mwingine “huyu mbona amelala?” Hapo ndipo unapompa kila mmoja Kiingereza cha wazo lake mwenyewe, “I am thirsty”, “Why is he sleeping?”, na mzunguko wa pili anakitamka akiwa bado ameganda katika mkao wa kiu au wa hasira. Maneno yanafika mwilini ulioshajua yanahusu nini. Kwa njia hii makundi sita yanafanya kazi kwa wakati mmoja na hakuna anayebaki chini ya mwembe.

Kuhusu kukipiga marufuku Kiswahili, jibu langu ni hapana, na hoja ya kuwapa wenzako ninayo. Mtoto aliyekatazwa lugha anayoijua hanyamazi kwa Kiswahili peke yake, hunyamaza kabisa. Kinachotakiwa ni sababu ya kusema Kiingereza iliyo ndani ya mchezo. Mimi huvaa kitenge mabegani, ninakuwa Simba mwenyewe, ninaitisha mkutano wa wanyama wote, na Simba huyo hajui Kiswahili hata kidogo. Wakipanga wao kwa wao wanatumia lugha wanayotaka. Wakija mbele ya Simba hawana njia nyingine, kwa kuwa hatawaelewa. Mwalimu kuingia ndani ya igizo akiwa mhusika ni mbinu iliyokuzwa sana na Dorothy Heathcote wa Uingereza, na sijaona inayozidi hiyo kwa mwalimu aliye peke yake na watoto 40.

Simba anauliza, “Who will guard the well tonight?” Mtoto mmoja akajibu, “Me I not sleep, I watch the water.” Usimkatize umsahihishe. Simba anaitikia kwa heshima zote, “You will not sleep? You will watch the water? Good!” Mtoto amesikia sentensi yake ikirudi imenyooka, amepewa kazi ya ulinzi, na hakuna aliyemcheka. Makosa yanayojirudia kwa wengi yaandike kwenye daftari lako uyapeleke darasani kesho yake, kwa kuwa darasa ndiyo mahali pake.

Wakishazoea, ongeza mbinu ya Augusto Boal wa Brazili, ambaye katika maonyesho yake mtazamaji aliruhusiwa kusimamisha igizo na kuchukua nafasi ya mhusika. Fisi anapokaribia kudanganywa, yeyote aliyekaa anaweza kupaza sauti “Stop!”, akaingia mahali pa Fisi na kumjibu Sungura kwa namna nyingine. Sungura hajui atakachoambiwa, kwa hiyo hana sentensi aliyoikariri, na analazimika kusikiliza kwanza.

Mwalimu wa Kilifi amejibu:

Salamu kutoka Pwani ya Kenya. Huku kwetu drama za shule zina mizizi mirefu, kwani tamasha la kitaifa la drama lilianza 1959, na kila mwaka shule hushindana kuanzia ngazi za chini hadi kitaifa. Nimewapeleka wanafunzi kwenye mashindano hayo, na ninayaheshimu kwa sababu yamelea waigizaji na watangazaji wengi. Hata hivyo, mwalimu mwenzangu, kwa watoto wanaoanza kujifunza lugha ningekusihi usiige roho ya mashindano. Panapokuwa na kikombe cha kushindaniwa, mwalimu huwachagua kumi wenye ndimi nyepesi, huwanoa hao hadi usiku, na wale waliohitaji klabu kuliko wote hubaki wakibeba viti. Uliyeitiwa ni yule asiyeweza.

Jambo moja la mashindano yetu litakufaa sana, nalo ni ushairi wa kughani kwa kundi. Katika hadithi ya kisima aliyoipendekeza ndugu wa Bagamoyo, kifanye kijiji chote cha wanyama kiwe kundi moja la sauti. Wape mistari mitatu au minne inayorudi kila tukio linapofungwa, kwa mfano “No rain, no river, no water to drink”, wengine wakipiga mapigo kwa viganja mapajani. Mtoto mwenye aibu hufunguka kinywa akiwa katikati ya sauti thelathini, kwa sababu akikosea hakuna anayesikia. Baada ya muda mpunguze: mstari huu waseme kumi, huu watano, huu wawili. Utashangaa anayejitokeza.

Mapigo hayo yana faida nyingine ambayo walimu wengi huipita. Sisi wasemaji wa Kiswahili mkazo wetu hukaa karibu kila mara kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nasi huubeba hadi kwenye Kiingereza, kwa hiyo utawasikia watoto wakisema “a-NI-mal”, “hos-PI-tal”, “e-LE-phant”. Ukieleza kanuni ubaoni hawatakumbuka. Wapige kofi moja kubwa kwenye silabi ya kwanza na makofi madogo kwa zilizobaki, watembee wakilitamka neno, mguu mzito ukianguka pale panapostahili mkazo. Vivyo hivyo kwa ile irabu tunayoipachika kati ya konsonanti. Sungura akipita mbele ya mlinzi kwa kunyata, anong’one “stop, stop, stop” kwa pumzi bila sauti, na ile irabu ya ziada itapungua yenyewe kwa kuwa hakuna nguvu ya kuitamka.

Nikuchekeshe kidogo kwa zoezi lenye kazi kubwa. Watoto wetu huchanganya “he” na “she” kwa sababu Kiswahili kinatumia kiambishi kimoja kwa wote. Mimi huwaigizisha kesi ya kuku aliyeibwa kwa mzee wa mtaa: washukiwa ni wavulana wawili na wasichana wawili, na shahidi mmoja anaitwa kueleza alichokiona usiku. Shahidi, msichana wa gredi ya nne, alisema “She took the hen”, na kijiji kizima kikawageukia wale wasichana wawili, mmoja wao akisimama kwa hasira ya kweli. Shahidi alikuwa amekusudia mvulana. Alishika mdomo, akapiga mguu chini na kupaza sauti, “No! He! He took the hen!” Tangu siku hiyo sijapata kumsahihisha yule mtoto kuhusu neno hilo, kwa kuwa aliona nusura amfunge mtu asiye na hatia.

Mama wa Dodoma ameuliza:

Samahani walimu kwa kuingilia mazungumzo yenu, mimi ni mzazi. Binti yangu yuko darasa la tano na shule yao iliwahi kuwa na klabu ya aina hii. Kwa muhula wote aliigiza mti. Tulichangishwa fedha za maleba, tukashona gauni la kijani, naye alisimama nyuma ya wenzake akiwa amenyoosha mikono na hakutamka neno hata moja la Kiingereza. Alikuwa akirudi nyumbani karibu na magharibi, na mtoto wa kike barabarani saa hizo ni hofu kwa mzazi yeyote. Mwishowe nilimtoa nikampeleka tuisheni, ambako angalau daftari linaonyesha amefanya nini.

Sisemi haya kwa kulaumu. Ninapenda anayoyaeleza mwalimu wa Kilifi, na ningetamani binti yangu awe yule shahidi. Ninachouliza ni haya: mzazi atajuaje kama mtoto anajifunza kitu, na mimi nisiyejua Kiingereza ninaweza kumsaidiaje nyumbani?

Mwalimu wa Morogoro amejibu:

Mama, asante sana kwa kusema wazi, na shikamoo kama umenizidi umri. Nimeandika mambo mawili kwenye daftari langu kutokana na maelezo yako. La kwanza, hakuna mtoto atakayekuwa mti. Ukame wenyewe, kisima chenyewe, kila kitu kitasema. La pili, hakutakuwa na mchango wa maleba. Sungura atatambulika kwa vidole viwili juu ya kichwa, Tembo kwa mkono uliokunjwa mbele ya pua, na Simba kwa kitenge nitakachokuja nacho mwenyewe. Nadhani hata kwa upande wa lugha ni heri, maana mtoto asiyebebwa na vazi analazimika kubebwa na sauti na mwili.

Kuhusu saa, nitamwomba mwalimu mkuu tumalize saa 9:45, na watoto wanaokaa njia moja waondoke pamoja.

Kuhusu kujua kama mtoto anajifunza, nafikiri kipimo ni kumwomba akusimulie hadithi yenyewe kwa Kiswahili, kisha akufundishe wewe kuwa Fisi. Mtoto aliyekariri tu atakuimbia mistari yake na kuishia hapo. Aliyeelewa atakuambia Fisi anataka nini, atakupa sentensi ya kusema, na atakusahihisha ukisimama vibaya. Kutojua Kiingereza hapo kunakufanya uwe mwanafunzi wake, na mtoto hupata hamu kubwa akiwa yeye ndiye mwalimu.

Walimu, nina swali la nyongeza. Nikiacha andiko, mwalimu mkuu ataniuliza watoto wanafanyia mazoezi nini. Je, ni lini igizo liandikwe, na ni nani aliandike?

Mwalimu wa Sekondari, Singida, amejibu:

Nimefuatilia mjadala huu kwa hamu kwa sababu watoto wenu ndio ninaowapokea kidato cha kwanza. Hali mnaifahamu. Mtoto amesoma hisabati, sayansi na kila kitu kwa Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi, halafu anaingia sekondari na kukuta baiolojia, jiografia na masomo mengine mengi kwa Kiingereza, na ni machache tu, kama somo la Kiswahili, yanayobaki katika lugha anayoimudu. Wengi wanaoshindwa kwangu hawashindwi kwa kukosa akili wala hata kwa kukosa msamiati. Wanashindwa kwa sababu hawajawahi kumwambia mtu mzima kwa Kiingereza kwamba hawajaelewa. Wanakaa kimya, wanaitikia “Yes, teacher” kwa pamoja, na kimya hicho kinaendelea hadi mtihani wa kidato cha pili unapokifichua.

Kwa hiyo ombi langu kwa klabu yako, Mwalimu, ni moja: wafundishe kuuliza. Maigizo mengi ya shule humpa mtoto majibu, na maswali huyahifadhi kwa daktari, hakimu au mwalimu. Geuzeni. Katika hadithi yenu ya kisima yupo mhusika anayefaa kabisa kwa kazi hii, naye ni Kobe. Walinzi wote waliomtangulia walidanganywa kwa sababu hawakuuliza. Kobe awe ndiye anayesema, “Please say it again. I don’t understand. What is in the gourd? Where did you get it?” Asiharakishwe. Kila Sungura anapojibu, Kobe aulize tena, na watazamaji waone kwamba mnyama anayeuliza ndiye asiyelaghaiwa. Mkifanya hivyo, kila mtoto apate zamu ya kuwa Kobe, hata wale mtakaowapa nafasi nyingine siku ya mahafali. Mtoto atakayefika kwangu akiwa anaweza kusema “Please say it again” bila kutetemeka, nitaweza kumfundisha mengine yote.

Jambo hili lina historia katika nchi yetu. Mwaka 1996 idara ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Profesa Penina Mlama akiwa miongoni mwa waasisi, ilianzisha mradi wa Tuseme katika shule za sekondari, ambapo wasichana walichambua wenyewe matatizo yanayowakwamisha masomoni na kuyasema kupitia sanaa za maonyesho, na baadaye FAWE, shirika linalotetea elimu ya wasichana barani Afrika, lililieneza wazo hilo katika nchi nyingine za Afrika. Pale shabaha haikuwa Kiingereza. Lakini waliotunga ni wanafunzi wenyewe, na msichana aliyetunga hoja yake huisimamia kwa namna ambayo aliyepewa karatasi hawezi.

Ninataka pia kutoa tahadhari kuhusu ngonjera. Watoto wetu wanazijua, tangu Mathias Mnyampala, mshairi wa Dodoma, alipozieneza miaka ya 1960 hazijatoka kwenye sherehe za shule, na majibizano yake ni hazina kwa mwalimu wa lugha. Mkipenda, wapeni Sungura na walinzi beti fupi za kujibizana. Ila ngonjera za shule zimejijengea mkao wake: mistari miwili, mkono wa kulia unapanda, wa kushoto unapanda, macho yanatazama juu ya vichwa vya wageni waalikwa. Mtoto akiingia katika mkao huo haongei tena na mwenzake. Waambie wamtazame wanayejibizana naye machoni, na anayejibu asianze hadi awe amesikia neno la mwisho. Ni agizo dogo, lakini mimi huliona likibadili sauti ya mtoto papo hapo.

Mwanasanaa wa Bagamoyo amejibu:

Kobe mwenye maswali ni wazo ambalo nitalichukua na mimi, asante sana mwalimu wa Singida.

Nirudi kwenye swali la andiko. Igizo liandikwe mwishoni, na waliotunga ndio waandike. Mkishaicheza hadithi kwa wiki kadhaa, utakuta zipo sentensi zilizobaki midomoni mwao kwa sababu zilifanya kazi: zilimchekesha mtu, zilimkasirisha Simba, au zilimponza Fisi. Kaa nao, waulize Sungura alisemaje siku ile alipompata Nyani, ziandike ubaoni, sahihisheni pamoja, wao wazinakili katika madaftari. Andiko la aina hii huwa fupi, pengine kurasa mbili au tatu, nalo linatosha kabisa kumwonyesha mwalimu mkuu. Ukitaka kumpa kitu mapema, mpe orodha ya matukio kwa Kiswahili na lugha inayolengwa katika kila tukio: hapa kuomba ruhusa, hapa kukataa, hapa kuuliza bei ya asali, hapa kueleza alichokiona jana usiku. Mwalimu mkuu anayejua ufundishaji atasoma karatasi hiyo na kuona muhtasari wa somo, na hata ukija msimu wa UMITASHUMTA, yaani mashindano ya michezo na sanaa ya shule za msingi, utakuwa na kundi lililozoea jukwaa.

Kila mhusika ashikwe na watoto wawili au watatu. Hii si kwa ajili ya siku ambayo mmoja ameugua peke yake. Watoto wanaocheza nafasi moja hutazamana kwa makini kuliko watazamaji wowote, na kila mmoja huja na jibu ambalo mwenzake hakulifikiria. Siku ya mahafali Fisi wa tukio la kwanza anaweza kuwa mtoto mmoja na Fisi wa tukio la nne mwingine, wazazi wataelewa mradi mkao na sauti ya kucheka ni ile ile.

Mkumbushaji usimweke nyuma ya pazia akisoma karatasi. Mfanye awe mmoja wa wanyama, ndege aliyetua karibu na kisima kwa mfano, ambaye mwenzake akikwama anamuuliza kwa sauti, “Fisi, what did he say to you?” Swali hilo humrudisha mtoto katika tukio, naye hupata njia ya kuendelea hata kwa maneno mengine kabisa.

Na kwa wale wa madrasa: panga kila kipindi kianze na kundi zima, yaani mapigo, mistari ya pamoja na mkutano wa Simba, ili wanaoondoka saa 9:30 wawe wameshasema ya kutosha, kisha muda uliobaki uutumie kwa matukio ya wawili wawili. Waulize pia watoto hao ni siku gani madrasa inaanza kwa kuchelewa. Katika kundi langu la sasa ni Alhamisi, kwa hiyo tukio la Kobe tunalifanyia mazoezi siku hiyo.